Majivu Ndani ya Ukuta

Kidole kilizama.

Thelma Raine alikuwa amepiga magoti nyuma ya kitanda cha mjukuu wake, kitambaa chenye siki mkononi, akifuta ukungu mweusi ukutani kama alivyozoea kuufuta kila wiki. Mara kidole chake cha shahada kikaingia ndani ya ubao ulioshona ukuta na sakafu, mpaka kiungo cha pili. Hakukisukuma. Kilikwenda chenyewe, kama kinavyokwenda kwenye keki iliyolowa chai. Akakitoa, akakitazama. Kilikuwa na unga wa kahawia na harufu ya uyoga.

"Jodie," aliita. "Nenda jikoni, kipenzi. Kanywe chai yako huko."

"Nimeshamaliza, bibi."

"Basi kanywe nyingine."

Mtoto akashuka ngazi huku anakohoa. Kikohozi kile Thelma alikijua kama mtu anavyoujua mlio wa mlango wake mwenyewe: kavu kwanza, halafu mluzi, halafu kimya kinachomfanya mtu mzima asimame na kusikiliza. Alipousikia ule mluzi umepita, alivuta kitanda pembeni, akakunja zulia, akashika ubao mmoja wa sakafu uliokuwa karibu na ukuta. Ubao ukanyanyuka na misumari yake bila kubisha. Chini yake kulikuwa na boriti nene, ile inayobeba chumba kizima, kichwa chake kimeingizwa ukutani. Thelma akachukua kisu cha siagi kwenye sinia la mtoto, akakichoma kichwa cha boriti. Kikazama mpaka mpini.

Akabaki amekaa sakafuni, kisu kimesimama mbele yake. Kitanda cha mtoto wa miaka tisa kilikuwa kinashikiliwa na rangi na mazoea.

Kabla hujauliza kwa nini hakusema mapema, ngoja kwanza. Alisema.

Mama yake alisema kabla yake. Mtaa wa Tatu wa Hagwick, kwenye pwani ya Durham, ulijengwa na kampuni ya makaa ya mawe, tena kampuni iliyowathamini watu wake kiasi kwamba ilichoka kuwatafutia mitaa majina. Ikahesabu tu, wa Kwanza, wa Pili, wa Tatu, kama mtu anayehesabu magunia. Unyevu ulipotoka ukutani, mtu wa kampuni alikuja akasema wanawake wa Hagwick wanafua mno. Wanafua mno! Waume zao wanapanda kutoka shimoni wakiwa weusi kama mkaa wenyewe, nao waambiwe wasifue. Serikali ikaichukua migodi, akaja mtu wa serikali, akasema moto wa jikoni ni mdogo. Mgodi ukafungwa, nyumba zikapewa ofisi ya makazi, akaja Bwana Lister mwenye viatu vinavyong'aa. Naye alikuwa na lake.

"Birika, Bi Raine," alisema. "Mnachemsha sana birika. Na mnaanika nguo ndani. Halafu, samahani kusema, mnapumua."

"Tunapumua?"

"Watu watatu katika nyumba ndogo. Pumzi ni maji. Fungueni dirisha."

"Dirisha liko wazi, bwana. Ni Januari. Mtoto analala na kofia."

"Basi lifungueni zaidi."

Thelma hakusahau. Watu wa aina ya Lister wanaishi kwa kutegemea kwamba watu wa aina ya Thelma watasahau, na hapo ndipo walipomkosea hesabu. Alikuwa anakumbuka kila aliyewahi kuingia nyumba ile kumwambia mama yake, na yeye, na sasa mjukuu wake, kwamba ukuta unaumwa kwa sababu ya pumzi zao. Ndiyo maana alikwenda kwenye klabu ya wafanyakazi, akapanda juu ya kiti, akawaambia majirani chama cha wapangaji kilete mpimaji wake chenyewe, asiyekula mkate wa ofisi ya makazi. Na mpimaji huyo alikuwa anakuja siku hiyo hiyo, Alhamisi, baada ya chakula cha mchana.

Jina lake Rowena Platt, mwanamke mrefu kutoka Newcastle, mwenye koti la mvua na begi la vifaa lililomwinamisha bega. Thelma alimpandisha juu bila hata kumkaribisha chai, na kwa Hagwick hiyo ni sawa na kumpokea mgeni kwa mayowe. Doreen wa nyumba ya pili akawafuata bila kuitwa, kama kawaida yake.

"Kisu hicho nani kakiweka?" Rowena aliuliza.

"Mimi," Thelma alisema. "Nimeshindwa kukitoa. Naogopa kitanda kitashuka nacho."

"Usikitoe." Rowena akapapasa ukuta kwa kiganja, juu, chini, kisha kwenye kona. Hakusema neno juu ya birika. Aliinama akanusa ule uwazi chini ya sakafu, akakunja pua. "Maji haya hayatoki chumbani. Yanatoka nje. Upande wa pili wa ukuta huu kuna nini?"

Doreen akacheka. "Upande wa pili? Dada, hujauona ulipokuja? Huo ndio Ukuta wenyewe!"

Nyumba ya Thelma ilikuwa ya mwisho katika safu, na ubavu wake uliokabili bahari ulikuwa umesimama peke yake juu ya uwanja mdogo wa nyasi, mrefu, wenye pembe tatu kileleni. Hapo ndipo Hagwick ilipoandika majina ya wanaume wake waliokufa katika mlipuko wa mgodini wa mwaka hamsini na mbili. Herufi nyeupe kwenye rangi nyeusi, mistari kwa mistari, na chini yake taa ya mchimbaji iliyochorwa inawaka. Kila mwaka mwezi wa Julai, asubuhi ya Mkutano Mkubwa wa wachimbaji, kabla ya kupanda mabasi kwenda Durham, bendi ya matarumbeta ilijipanga chini ya ukuta ule, migongo karibu iguse matofali, ikapiga wimbo wa maombolezo. Bendera kubwa ya hariri ya chama cha wachimbaji ilisimamishwa mbele, na mtoto wa ukoo mmoja wa wafiwa akashika utepe wake. Zamu ilizunguka. Mwaka huu zamu ilikuwa ya akina Raine, na sherehe ilikuwa Jumamosi. Jodie alikuwa ameshafua soksi zake nyeupe mara mbili.

Walipotoka nje walimkuta baba yake Thelma kwenye vidato vya chini vya ngazi ndefu. Septimus Raine, mtoto wa saba wa kiume, jamaa walimwita Sep. Alikuwa na miaka sabini na kitu, mapafu yamejaa vumbi la mgodi, na ndoo ya rangi nyeupe imening'inia mkononi kama mkoba. Alikuwa anapitia upya herufi za jina la kaka yake, AMBROSE RAINE. Kila mwaka alianza na jina hilo.

"Baba, shuka," Thelma alisema.

"Nikishuka nani atapanda? Wewe? Utaandika Ambrose kwa herufi za kuandikia orodha ya samaki."

"Shuka, mzee," Rowena alisema, na sauti yake ilikuwa na kitu kilichomfanya Sep ageuke. Yule mwanamke hakuwa anasoma majina. Alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba, jicho moja amelifumba, anautazama ukuta kwa ubavu, kama fundi anavyochungulia kama ubao umenyooka. Alichukua uzi wenye risasi nzito mwishoni, akaomba ruhusa ya kupanda, akauning'iniza kutoka juu. Chini uzi ulisimama mbali na matofali. Kileleni uligusa matofali. Katikati, palipoandikwa majina mengi zaidi, ukuta ulikuwa umetoka tumbo, na uzi ukaegemea tumbo hilo kama unaegemea la mama mjamzito.

"Nyufa ziko wapi?" aliuliza aliposhuka.

"Nyufa?" Sep alisema kwa fahari. "Hakuna. Nimeziziba zote. Kila mwaka kabla ya kupaka rangi naziba, kwa saruji safi. Ukiona hata ufa mmoja hapo nitakula kofia yangu, na Doreen shahidi."

"Ameahidi kuila kofia hiyo tangu nimezaliwa," Doreen alisema.

"Zilikuwa zinakaa vipi, mzee, kabla hujaziziba?"

Sep akachora hewani kwa brashi. Mlalo. Mstari mrefu ulionyooka, halafu juu yake mwingine, halafu mwingine. "Kila baada ya kozi sita, safu sita za matofali. Zimejipanga kama daftari la shule. Ni mgodi huo, dada yangu. Uko chini yetu mpaka chini ya bahari. Ardhi inashuka, nyumba inapumua. Hapa kila nyumba ina ufa. Mtu wa Hagwick akiona ufa anausalimia, anauziba, anaendelea na maisha."

Ukizaliwa juu ya shimo, kila kitu ni shimo. Kikombe kikitingishika kabatini, mgodi. Mlango ukigoma kufunga, mgodi. Ilikuwa hata utani wa harusi. Huko kwetu wahenga wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta, na wanasifiwa kwa busara. Sep hakuwahi kuisikia methali hiyo, lakini aliifuata kuliko hata aliyeitunga. Aliziba kila ufa, kila mwaka, kwa mkono wa fundi na moyo wa ndugu wa marehemu.

Rowena alikuwa bado anautazama ukuta.

"Sema basi," Thelma alimwambia. "Mimi si mtoto."

"Ardhi ikishuka, ufa unakwenda mshazari, kama ngazi. Hauendi mlalo, tena kwa vipimo." Akapiga ukuta kwa fundo la kidole. "Huu si ukuta mmoja, Thelma. Ni kuta mbili. Wa nje huu mnaoupaka rangi, na wa ndani mnaolala nao, na katikati kuna uwazi wa upana wa kiganja. Zinashikana kwa vipande vya chuma vilivyolazwa ndani ya viungo vya matofali. Kila baada ya kozi sita."

Rowena akatoa drili begini, akatoboa tundu kwenye kiungo, mbali na majina, akaingiza darubini nyembamba yenye taa kwenye ncha. Akatazama. Akasogeza. Akatoboa pengine, akatazama tena. Halafu akampa Thelma bila maelezo.

Thelma alitia jicho. Aliona matofali yenye maji yanayometa, upande huu na upande ule, na kati yao giza. Alitafuta chuma. Aliona vijiti vya kutu vimechomoza upande wa ndani kama meno yaliyovunjika, na upande wa nje tundu la kahawia. Akasogeza juu. Meno mengine. Akasogeza pembeni.

"Hakuna kinachofika," alisema. "Hakuna hata kimoja kinachofika ng'ambo."

"Kutu ikiingia chuma kinavimba. Kinainua matofali, ufa unafunguka, mvua ya bahari inaingia, inapita juu ya kile kilichobaki mpaka ukuta wa ndani. Kwenye boriti. Kwenye kitanda cha mtoto. Halafu chuma kinakatika, na ukuta wa nje unabaki umesimama kwa sababu haujaambiwa uanguke."

"Mlango wa kanisa letu una vyuma vya zamani kuliko hivi," Sep alisema kwa ukali. "Vile vimekula chumvi miaka yote. Mbona havijaisha? Chuma hakiishi hivi hivi!"

Rowena akakwaruza kiungo kwa msumari. Chini ya ngozi ya saruji ya Sep, udongo wa kujengea ulikuwa mweusi. Ukamdondokea kiganjani kama masizi. Alinyoosha mkono kumwonyesha mzee, na Sep hakuhitaji kuambiwa. Aliuchukua kwa ncha ya kidole, akaunusa.

Uso wake ukabadilika.

"Majivu," alisema. "Majivu ya boila la mgodi."

Baba yake mwenyewe alikuwa anayasukuma kwa toroli. Kampuni ilikuwa na mlima wa majivu kando ya mgodi na haikujua pa kuyatupa, hadi mtu mmoja mwenye akili ofisini alipofikiria nyumba. Changanya na chokaa, jengea watu! Makaa yana salfa, salfa inabaki majivuni, majivu yakilowa yanakula chuma polepole bila kelele. Wanaume wa Hagwick walichimba makaa, makaa yakachomwa, na kilichobaki wakalazwa nacho ukutani, wao na watoto wa watoto wao. Kikulacho ki nguoni mwako. Na aliyekishona nguoni alizikwa kwa heshima mjini London, kwenye jeneza la mti usiooza.

"Jumamosi bendi haiwezi kusimama hapa," Thelma alisema.

Sep akageuka. "Unasemaje?"

"Umesikia, baba. Bendi haisimami hapa. Jodie hasimami hapa."

"Ambrose yuko hapa!" Mzee alipiga ukuta kwa kiganja, na wanawake wote watatu wakashtuka, Rowena akamshika mkono. "Hatukupata hata kiatu chake. Mama yangu alikuwa anakuja kuongea na herufi hizi. Na wewe uniambie nihamishe bendi kwa sababu ya kamera inayoingia ukutani kama nyoka?"

"Si kamera. Ni mimi nimeona."

"Na ukishaona, utamwambia nani? Lister? Unajua atakachofanya Lister, Thelma? Ameutaka mtaa huu tangu mgodi ufungwe. Atasema ni hatari, ataleta mashine, atabomoa safu nzima, atatutawanya kama kunguru. Umepigana miaka yote hiyo watutengenezee, sasa unampa nyundo mkononi!"

Doreen, aliyekuwa na neno kwa kila jambo duniani, alikuwa anatazama viatu vyake. "Hapo mzee hajakosea, shoga," alisema polepole. "Mimi sina pa kwenda."

Na Thelma alijua hajakosea. Hilo ndilo lililomuuma. Alisimama kwenye nyasi zile, upepo wa bahari unampiga shavuni, akaona jinsi alivyobanwa: akisema, mtaa unaweza kwenda, akinyamaza, mtoto atasimama Jumamosi na soksi nyeupe chini ya kitu ambacho hakijaambiwa kianguke. Kwenye dirisha la jikoni alimwona Jodie anawapungia birika. Alikuwa anachemsha chai ya tatu.

"Nitamwambia Lister," alisema. "Na akileta mashine nitalala mbele yake. Lakini nitamwambia."

Sep akachukua ndoo yake, akaondoka bila kumtazama.

Bwana Lister alikuja Ijumaa asubuhi, kwa sababu Rowena alipiga simu mara nyingi mpaka wakachoka. Aliegesha gari upande wa pili wa barabara, akavuka kwa uangalifu asikanyage tope. Nusu ya mtaa ilikuwa imetoka, wanawake na vikombe vyao mkononi, wanaume mikono mfukoni. Sep alikuwa amesimama peke yake kando ya uzio, kofia imeshushwa. Usiku ule na asubuhi ile hakuwa amesema na bintiye hata neno moja.

Lister aliutazama ukuta kwa muda mrefu, kichwa ameinamisha upande, kama mtu kwenye maonyesho ya picha.

"Naona ukuta mzuri sana," alisema. "Nyufa ziko wapi?"

"Zimezibwa," Rowena alisema.

"Basi zimezibwa. Ufa uliozibwa si ufa."

"Bwana Lister, ukuta umetoka tumbo. Nimetoboa, nimeangalia. Vyuma vimekatika."

"Tundu hilo umelitoboa wewe, Bi Platt. Kwenye mali ya ofisi, bila ruhusa." Alitabasamu. "Jumatatu, ama wiki inayofuata, nitaleta mtu wetu. Kesho sherehe yenu iendelee. Sitaki magazeti yaandike kwamba ofisi imewazuia watu kuomboleza wafu wao."

"Na boriti ya chumba cha mtoto?" Thelma aliuliza. "Kisu bado kimesimama humo. Njoo ukione."

"Bi Raine, tulishaongea kuhusu birika."

Mtu mmoja akacheka kwa hasira. Lister hakujali, alikuwa ameshamwona Sep, rangi nyeupe kwenye kucha zake, na labda alidhani hapo ndipo penye rafiki. Akamsogelea, akamgusa bega.

"Wewe ndiye fundi wa kazi hii, mzee? Hongera. Kazi safi. Kila mtu anaweza kuona mwenyewe kwamba ukuta huu hauna kasoro. Nikihitaji shahidi, nitakuita wewe."

Thelma alimwona baba yake akiinua kichwa. Alikuwa amewahi kuuona uso ule mara moja tu maishani, siku mgodi ulipofungwa na lile gurudumu kubwa la kushushia watu likasimama. Si hasira. Ni mtu anayetazama mikono yake mwenyewe na kukuta imekuwa ya mtu mwingine.

"Shahidi," Sep alisema.

Akautoa mkono wa Lister begani kwake taratibu, kama mtu anavyotoa jani. Akaenda kwenye kibanda cha bustani, akarudi na nyundo na patasi. Kabla mtu hajaelewa, alikuwa ameshafika chini ya ukuta na kuitia patasi kwenye mstari wa kwanza wa saruji yake mwenyewe.

"Mzee! Toka hapo!" Rowena alipiga kelele.

Saruji ilibanduka ndefu, kama ganda la chungwa. Chini yake ufa ulikuwa mweusi, umenyooka, mkono unaingia. Sep akaenda mstari wa pili. Ufa ule ulipita katikati ya majina ya chini, naye aliufungua bila kupunguza kasi, vipande vya herufi vinamrukia kifuani, S, E, nusu ya O. Alipita katika jina la kaka yake. Alikuwa analia na kukohoa kwa pamoja.

"Huu hapa ufa wako! Na huu! Njoo uhesabu, bwana! Mimi ndiye niliyekufichia! Kila mwaka nimekufichia!"

Thelma alikimbia. Hakufikiri ukuta, alifikiri mapafu ya baba yake. Alimshika kwa ukosi wa koti na mkanda wa suruali, kama alivyokuwa akimshika zamani mzee alipokuwa akirudi amelewa kutoka klabu, akamkokota kinyumenyume kwenye nyasi, mzee anapiga nyundo hewani, mpaka wakavuka barabara, mpaka wakakaa wote wawili kwenye lami. Rowena aliwasukuma wengine warudi. Doreen alikuwa ameshaingia ndani, akatoka na Jodie kwapani kama mkate.

Ukuta ukabaki umesimama.

Shakwe mmoja akatua kileleni, akatazama pande zote. Lister akashusha pumzi, akacheka kidogo, akatoa funguo za gari.

"Mmeona? Bado um—"

Sauti ya kwanza ilikuwa ndogo, kama mtu anaweka kikombe kwenye kisosi. Shakwe akaruka. Tumbo la ukuta likajaa zaidi, bila haraka, kisha majina yakainama yote kwa pamoja kama watu kanisani, na ukuta mzima ukashuka. Haukupiga kishindo walichokitarajia. Ulilala kwenye nyasi kama ng'ombe aliyechoka, halafu ardhi ikatetemeka, halafu vumbi likaja. Jeusi. Liliwafunika wote, wenye vikombe na mwenye funguo, na kwa kitambo kirefu Mtaa wa Tatu wote ulifanana na wanaume waliotoka zamu.

Vumbi lilipotua waliona ukuta wa ndani, uchi, umelowa, na ukungu umeuchora kuanzia paa hadi chini. Waliona kichwa cha boriti kimening'inia mbali na tundu lake. Waliona kupitia nafasi iliyoachwa na tofali moja, kipande cha shuka chenye michoro ya farasi. Kilikuwa kitanda cha Jodie.

Pale palipokuwa panasimama bendi, matofali yalikuwa yamerundikana kimo cha kifua cha mtu mzima.

Hakuna aliyelia. Mama mmoja alijifunika mdomo kwa aproni. Doreen alikuwa anamgusa mtoto kichwani, bega, kichwani tena, kama anayehakikisha yuko mzima. Na wote, bila kupanga, wakageuka kumtazama Bwana Lister, wakasubiri. Mtu akiona kitu kama kile, hata akiwa jiwe, atasema Mungu wangu. Atauliza kama kuna aliyeumia.

Lister alipangusa vumbi kwenye mkono wa koti.

"Nani ameugusa?" alisema. "Nilisema uko salama. Nyote ni mashahidi. Nani aliyeugusa ule ukuta?"

Thelma alishtuka kuliko aliposhtushwa na kisu, na darubini, na ukuta wenyewe. Alimtazama mtu yule mwenye uso mweusi kwa majivu ya mababu wa Hagwick, akasikia sauti ya kampuni ikiongea kupitia kinywa chake, na ya serikali, neno kwa neno, pumzi kwa pumzi. Mnafua sana. Mnapumua sana. Mmeugusa.

"Mimi," Sep alisema kutoka chini kwenye lami. "Nimeugusa maisha yangu yote. Wewe hujawahi kuugusa hata siku moja."

Jumamosi bendi ilisimama barabarani, upande wa pili, matarumbeta yameelekezwa kwenye ule uwazi. Bendera ilifungwa kitambaa cheusi, kama inavyofanywa mwaka ambao mgodi umeua mtu. Mgodi ulikuwa umefungwa tayari, na mwaka huo haukuua mtu, lakini hakuna aliyeuliza kitambaa ni cha nini. Wimbo ulipokwisha, Thelma hakuelekea kwenye mabasi. Alikwenda kwenye rundo la matofali, akachukua moja, akalibeba kama mtoto mchanga. Doreen akachukua moja. Wakafuata wapiga ngoma, wake zao, wazee wenye fimbo, na watu wa Mtaa wa Kwanza na wa Pili ambao usiku kucha walikuwa wamelala macho, wakikumbuka mistari waliyoiziba kwenye kuta zao wenyewe.

Maandamano yalipita mbele ya ofisi ya makazi, kama yanavyopita kila mwaka kuelekea kituo cha mabasi. Kila mmoja aliweka tofali lake mlangoni. Wapo waliokuwa wajenzi, nao hawakuweza kujizuia. Walipanga kozi kwa kozi, wima, kwa ustadi, bila chokaa na bila chuma, mpaka mlango haukuonekana.

"Lister asiuguse tu," Sep alisema, "atauangusha."

Tofali moja halikuwekwa. Jodie alikuwa nalo kwapani, zito kwake, na majivu yake yalimchafua gauni na soksi zote mbili. Lilikuwa na herufi tatu za rangi nyeupe, A, M na B, na ya tatu haikuwa kamili. Mkono wa pili ulikuwa umeshika utepe wa bendera. Thelma alitaka kumpokea.

"Niache, bibi," mtoto alisema, akakohoa, akashusha pumzi, akatembea. "Ni zamu yetu."